Gari la Sponji, Ng'ombe wa Ngozi

Kila asubuhi Mihayo alifuta viatu vyake kwa kipande cha sponji, akaketi kwenye benchi la kibanda cha Sayi, akiipa mgongo barabara ya kwenda Somanda, akangoja kuulizwa.

"Unataka nini leo?" Sayi aliuliza.

"Chai na chapati."

Hilo halikuwa jibu lake. Jibu lake alikuwa nalo tangu msimu wa pamba uliopita, na kila asubuhi lilipanda mpaka kooni, likakutana na chapati inayoshuka, likaipisha. Ilikuwa aibu kubwa kwa mtu wa kazi yake. Kwa Kisukuma mihayo ni maneno, na mzazi aliyempa jina hilo hakukosea. Bariadi nzima ilijua kwamba kijana huyu aliwahi kumuuzia mzee mmoja mlango wa nyumba ya mzee huyohuyo, na mzee akashukuru kwa kupunguziwa bei. Mwenyewe alijiita dalali. Sisi tulimwita majina mengine, lakini kila tulipokuwa na kitu kibovu cha kuuza tulimfuata yeye, kwa hiyo tusijifanye wasafi.

Chai nayo aliilipia kwa maneno. "Niandikie moyoni, Sayi," alikuwa akisema, "nitalipa kwa mkupuo." Sayi hakuandika popote. Alimmiminia tu. Mihayo alilihesabu jambo hilo kuwa utapeli wake mdogo wa asubuhi, wa kunyoosha viungo kabla ya kazi.

Siku hiyo, kabla hajamega chapati, benchi lilisogea. Lilisukumwa taratibu kutoka nyuma, kama ndama anayetafuta titi, na chai ikaruka ikatua juu ya viatu vilivyotoka kufutwa. Mihayo aligeuka. Gari dogo jeupe lilikuwa limesimama mgongoni mwake, bampa limelala kwenye benchi, na hakukuwa na mngurumo wowote.

Akashuka Januarius, mhasibu wa mradi mmoja wa pamba, aliyehamia Bariadi mwaka mji ulipofanywa makao makuu ya mkoa. Mwaka huo sote tulianza kutembea taratibu, kama watu wanaojua wanapigwa picha.

"Samahani, ndugu yangu," Januarius alisema. "Halitoi sauti. Hata mimi husahau kuwa linawaka."

"Hilo linawaka?"

"Linawaka. Ni haibridi. Lina injini ya petroli na lina mota ya umeme. Likienda polepole linatumia umeme, na ukikanyaga breki linajichaji lenyewe."

"Yaani likizuiwa ndiyo linapata nguvu."

"Ndiyo hivyo."

"Mimi nikizuiwa napata njaa," Mihayo alisema, akikung'uta kiatu. "Na mafuta?"

"Mafuta halinywi. Linanusa." Januarius alisema hivyo bila furaha, kama mtu anayesifia shemeji asiyempenda. "Lakini ingia ndani uone tulivyotendwa."

Mihayo aliingia. Alipogonga mlango kwa kidole, ulilia kama ndoo. Dashibodi ilikuwa plastiki ngumu, mlango plastiki ngumu, na kiti kilikuwa chembamba kiasi kwamba aliweza kuhesabu vyuma vyake kwa makalio. Dari ilikuwa kitambaa cha kijivu kama mfuko wa saruji.

"Walitaka liwe jepesi ili libane mafuta," Januarius alieleza, "na hiyo betri ni ghali. Pesa zote zimekwenda huko. Sisi wa ndani tukaachiwa mabaki. Likipita kwenye kokoto unazisikia moja moja, kama zinakusalimia. Mke wangu amesema siku nyingine nikimwendesha Mwanza ndani ya ndoo hii, atabaki hukohuko. Nataka kuliachia. Nataka kitu chenye kiti. Sasa, betri yenyewe iko hapa nyuma ya kiti cha abiria, na inapumulia kwenye kidirisha hiki, kwa hiyo usije ukathubutu..."

Hapo Sayi aliinama kuokota kikombe kilichoanguka, na masikio ya Mihayo yakafunga kazi. Yalipofunguka, Januarius alikuwa amemaliza maelezo, na kichwa cha Mihayo kilikuwa kimemaliza mpango.

Ili kuuelewa mpango huo, lazima tumtaje mzee Mboje wa Sapiwi, baba yake Sayi. Mzee Mboje alikuwa na ng'ombe wengi kiasi kwamba vumbi lao lilifika kisimani, likanywa, likaondoka, ndipo wao wakafika. Alikuwa pia na pikapu ya zamani aliyoizima kila alipoona mteremko, na kila alipoona mlima aliwashusha abiria. Mnadani alikuwa amekwisha kutangaza kwamba binti yake haondoki kwa chini ya ng'ombe kumi na wawili. Na alikuwa na kidonda kimoja moyoni. Siku ya msiba fulani, Mahona wa Mwandoya, mshindani wake wa mifugo, alimpa lifti kwenye gari kubwa lenye viti laini kama nyama ya nundu. Tangu siku hiyo Mboje hakukaa popote kwa amani. Alitaka kiti kama cha Mahona, na hakutaka kununua mafuta ya Mahona.

Tusimcheke. Soko huria lilipofika kwetu lilifika limechelewa, limevaa mtumba. Tuliambiwa kila mtu sasa ananunua anachotaka, tukakaa miaka mingi tukijiuliza tunataka nini. Magari yaliyotumika Ujapani yalipoanza kushuka bandarini, tukajua. Tulitaka vyote. Tulitaka ng'ombe wa kukamuliwa asiyekula majani, na tulikuwa tayari kumlipa vizuri mtu yeyote atakayesema anaye.

Mihayo alikuwa mtu huyo. Angelivika gari la Januarius mpaka lifanane na sebule ya tajiri. Angemuuzia Mboje kwa ng'ombe kumi na wawili. Halafu angetuma mshenga Sapiwi kupeleka mahari ya Sayi, ambayo ingekuwa ng'ombe walewale. Wasingehitaji hata kutoka zizini. Wangebadilisha tu mwenyewe, kama benchi linavyobadilisha mkaaji. Na kwa njia hiyo angekuwa amesema lile jibu lake la asubuhi bila kulitamka, jambo ambalo kwa mtu mwoga ni nusu ya ndoa.

Kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa Januarius kilikuwa kiwanja alichoachiwa na mama yake. Mama yule alikipalilia miaka mingi, akafariki kabla ya kuweka hata tofali. Mihayo alikwenda akasimama katikati ya kiwanja, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, ni kwa ajili ya mkweo," kisha akakibadilisha na gari. Januarius alifurahi mpaka akamkumbatia. Ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yake Mihayo kutoa kitu kizima, na hakuipenda hisia ile.

Gari lilipelekwa kwa Paschal, fundi wa makochi.

"Unataka nivike gari?" Paschal aliuliza.

"Nataka mtu akiingia asitake kutoka."

"Hiyo ni kazi ya mlango. Ukiharibika hatoki."

"Paschal, weka sponji."

Paschal aliweka sponji. Aliweka sponji ya kitanda kwenye viti, akaifunika ngozi ya bandia yenye rangi ya maini. Milango aliivika mbao za mninga. Sakafuni alilaza zulia la manyoya, na darini akashona vishada vya dhahabu kama vile vya kitambaa cha meza ya mgeni. Alipofika nyuma akasimama.

"Hiki kidirisha chenye nyavu pembeni ya kiti ni cha nini?"

"Urembo wa Kijapani. Ziba."

"Kinavuta hewa. Nimeweka kidole, kimevutwa."

"Wale watu wana mambo mengi. Ziba."

Paschal akaziba. Gari lilipotoka pale lilikuwa limekaa chini kidogo kwenye matairi, kama mtu aliyetoka harusini.

Alasiri moja Mihayo aliliendesha mpaka Sapiwi. Alipokaribia mji wa Mboje alipunguza mwendo, umeme ukashika kazi, na gari likaingia uani kimya hata kuku mmoja akachelewa kukimbia, akabaki na mkia pungufu. Mboje alikuwa ameketi kwenye kigoda akichonga mpini wa jembe.

"Mwadila, baba," Mihayo alisalimia.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu."

Mboje alilizunguka gari kama anayezunguka ng'ombe wa mnadani. Aliligusa ubavu. Akainama mbele, akatazama kati ya taa.

"Meno yake yako wapi?"

"Halina meno, baba. Halili."

"Linakunywa?"

"Linanusa."

Mboje aliweka sikio kwenye boneti. "Limekufa," alisema.

"Linawaka, baba." Mihayo alilisogeza mbele hatua chache, bila sauti, akalirudisha. Mzee alilitazama kwa muda mrefu, kisha akatazama pikapu yake, ambayo muda huo ilikuwa imezimwa na bado inatetemeka.

"Binti yangu aliniambia kuna mhasibu mjini ana gari la namna hii," Mboje alisema. "Akasema ndani ni kama ndoo."

Mihayo alikohoa. "Yale ni ya wananchi, baba. Ya wananchi wanabana mafuta, wanabana na abiria. Hili ni la viongozi. Ingia mwenyewe."

Mboje aliingia. Akazama. Sponji ya Paschal ilimpokea kiunoni, ikampandisha taratibu, ikamshika. Alifumba macho. Mihayo, ambaye alijua kazi yake, alimwacha azame.

"Kwa Mahona kiti kinashuka hivi?" Mboje aliuliza, macho yamefumbwa.

"Kwa Mahona, baba, unakaa kwenye gari. Hapa umekaribishwa."

Kuanzia hapo mzee hakutaka kusikia ukweli wowote, na kwa bahati hakukuwa na mtu wa kumwambia. Alitaja ng'ombe sita. Mihayo akashika mlango kama anayeondoka. Mboje akataja tisa, bado amekaa. Ni vigumu kupatana bei ukiwa umezama mpaka kiunoni katika kitu unachopatania. Wakafika kumi na wawili.

"Njoo uwachague," Mboje alisema, akiongoza kuelekea zizini.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Mihayo alitazama tope la mlangoni, akatazama viatu vyake. "Hao wa upande ule, baba," alisema kutoka nje ya ua, akipunga mkono. "Wote wazuri."

Mboje alimtazama mtu anayenunua ng'ombe bila kuwafungua midomo. Jambo hilo aliliweka mahali.

"Utawaweka wapi? Kwenye chumba cha kupanga?"

"Nitunzie hapa, baba. Nakuamini kama mzazi."

"Desturi unaijua? Maziwa ni yangu, ndama ni wako. Ng'ombe akifa, nakuletea ngozi yake uione, na hapo hatudaiani."

"Mungu apishe mbali."

"Mungu yuko mbali," Mboje alisema. "Fisi ndiye yuko karibu."

Wakapeana mikono. Mihayo alirudi mjini kwa miguu na kwa malori ya pamba, mwenye ng'ombe kumi na wawili na mguu mmoja wenye lengelenge, akipiga mluzi njia nzima.

Kwa majuma kadhaa tulimwona akitembea kama mfugaji. Alianza kutazama mawingu. Alilalamikia bei ya dawa ya kupe. Mshenga alikwisha kupatikana, walikuwa wakingoja tu mavuno yaishe.

Ndipo asubuhi moja Mboje alikuja kwenye kibanda cha binti yake, akaweka kitu kilichokunjwa juu ya benchi.

"Pole, mwanangu. Nimekuletea ngozi."

Mihayo aliacha kutafuna. "Amekufa na nini?"

"Alilala vizuri."

"Halafu?"

"Hakuamka vizuri."

Ngozi ilikuwa ngozi. Mihayo alishukuru kwa uaminifu, kama desturi inavyotaka, na mzee akanywa chai akaondoka. Juma lililofuata akaja na nyingine.

"Fisi," alisema.

"Fisi, baba, na ngozi haina hata tundu?"

"Fisi wa siku hizi," Mboje alijibu. "Soko huria. Kila mmoja ameongeza ustadi."

Zikaja nyingine mbili kwa pamoja, za ng'ombe waliopigwa na radi. Mihayo alikumbuka kwamba juma hilo jua liliwaka bila wingu, na kwamba yeye mwenyewe, kama mfugaji, alikuwa amelilalamikia. Chumba chake kilianza kunuka. Mwenye nyumba alimuuliza kama amefungua biashara, akasema ni msiba.

Kilichokuwa kimetokea Sapiwi ni hiki. Majuma ya kwanza Mboje aliliendesha gari lake kila mahali, hata mahali ambapo zamani alitembea. Alipita Nkololo mara nyingi bila sababu. Lakini lilianza kunywa, kwa sababu mninga ni mti mzito na sponji ya kitanda nayo si unyoya, na kila joto lilipozidi liliwasha taa nyekundu, likapumua kwa shida kama mtu aliyefunikwa blanketi usoni, likasimama. Mboje, ambaye maisha yake yote aliwashusha abiria mlimani, sasa aliwashusha tambarare.

Jumapili moja wakiwa njiani kwenda kanisani lilisimama juani. Mkewe, Nyanjige, alikuwa nyuma, amevaa gauni lake jipya. Alipotaka kushuka, ngozi ya bandia ilikataa. Ilikuwa imemshika mapajani. Alivuta, gauni likabaki kidogo kwenye kiti. Mama Nyanjige hakusema neno baya, maana alikuwa anakwenda kushiriki meza ya Bwana. Aliporudi nyumbani alichukua kisu cha kukatia viazi, akachana kila kilichokuwa ndani ya gari lile, sponji, zulia, vishada na vyote, akavishonea vigoda na kitanda chake. Mbao za mninga akawashia jiko. Akaliacha gari uchi.

Kesho yake liliwaka na halikusimama tena. Lilikwenda Mwandoya likarudi, na mshale wa mafuta haukujua kwamba wameondoka. Mboje aliketi ndani yake muda mrefu, juu ya kiti chembamba, akagonga mlango kwa kidole. Ulilia kama ndoo. Aliugonga tena, kisha akatabasamu kidogo, na mtu wa Sapiwi akitabasamu hivyo uza kila ulicho nacho uhame. Mzee alikuwa ameelewa kwamba gari lilikuwa zuri tangu mwanzo, na kwamba yeye, Mboje, mtu anayefungua midomo ya ng'ombe, alilipia sponji.

Hayo Mihayo hakuyajua, mpaka siku alipomsindikiza mzee kwenye gari baada ya ngozi ya tano. Ndani ya gari kulikuwa na mbuzi wawili. Milango ilikuwa plastiki tupu, inang'aa.

Mihayo aligonga mlango, ukalia kama ndoo. "Baba, umelifanyaje gari?"

"Mama yake Sayi alilichuna," Mboje alisema kwa upole. "Na hapohapo likapona. Ajabu ya magari, Mihayo. Mengine yanaugua kwa kuvikwa. Na hii plastiki, mbuzi akikojoa unamwaga maji tu. Mahona akimpakia mbuzi kwenye viti vyake, analia."

Akaondoka bila sauti.

Mihayo alirudi benchini. Sayi alikuwa amekunjua ngozi, anaitazama. Alikuwa msichana wa maneno machache, na machache hayo aliyasema akiangalia birika.

"Hizi ngozi umezitazama?"

"Nimezitazama kwa uchungu."

"Ng'ombe aliyejifia hakatwi shingo hivi. Huyu amechinjwa. Na baba hafugi ng'ombe mwenye baka jeupe usoni, anasema wanatisha ndama. Hizi ni za machinjioni, Mihayo. Anayeziuza anakunywa chai hapa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Wewe unaniombaga chai tu." Alipangusa kikombe kilichokuwa safi. "Ng'ombe wako walikuwa wa rangi gani?"

Mihayo alifikiri sana. "Walikuwa wengi," alisema.

Sayi alikaribia kucheka, akajizuia kwa ncha ya khanga. "Basi mwendee baba. Mwambie zile si zako."

Mihayo alipiga hesabu. Ili kuwadai ng'ombe, ingebidi awataje kwa rangi mbele ya wazee, na wazee wangeuliza walipatikanaje. Kutoka hapo wangefika kwenye gari, kutoka kwenye gari wangefika kwenye sponji. Alikuwa amejenga nyumba yenye mlango mmoja, na mlangoni amekaa mzee Mboje anachonga mpini.

"Na wewe ng'ombe ulikuwa unawatakia nini?" Sayi aliuliza. "Mtu unayeogopa tope."

Jibu lilipanda. Siku hiyo hapakuwa na chapati ya kulizuia, lakini lilirudi lenyewe, kwa mazoea.

Alikaa siku mbili bila kuja kibandani. Alikwenda akapita penye kiwanja cha mama yake. Januarius alikuwa amekwisha kuezeka, na barazani Paschal alikuwa akishusha makochi mapya, manene, rangi ya maini. "Karibu ukae," Januarius alimwita kwa furaha ya kweli, naye mke wake akatabasamu kutoka ndani. Mihayo alisema ana haraka. Alikumbuka alivyosimama pale akimwambia mama yake kwamba ni kwa ajili ya mkwe, na mkwe mwenyewe mpaka leo hajaambiwa.

Siku ya mnada alirudi kwenye benchi, viatu havijafutwa. Kibanda kilikuwa kimejaa. Kabla hajakaa sawasawa, benchi lilisukumwa kutoka nyuma, taratibu, na watu wote wakainua vikombe vyao. Mzee Mboje alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akaanza kutoa ngozi. Alizirundika mezani mpaka Sayi akasogeza birika.

"Hizi ndizo za mwisho," alisema. "Ugonjwa umewamaliza wote. Hatudaiani."

"Hatudaiani, baba."

"Huulizi ni ugonjwa gani?"

"Sijui hata walikuwa na rangi gani," Mihayo alisema.

Watu wakaacha kunywa. Mboje aliketi upande wa pili wa meza, akavuta kikombe, akangoja kama mtu aliyeketi mnadani akijua mwenye mali atataja bei mwenyewe. Sayi alikuja na birika. Alitazama rundo la ngozi, akamtazama baba yake, akamgeukia Mihayo.

"Unataka nini leo?"

"Chai na..." Mihayo alianza. Aliangalia viatu vyake vichafu. Maneno yote aliyowahi kuuza yalipita mbele yake, hata moja halikumfaa.

"Nakutaka wewe," alisema. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu mwingine. "Gari nilijua ni ndoo. Nililivika sponji ili nipate ng'ombe wa baba yako, kisha nimletee walewale kuwa mahari yako. Nilitoa kiwanja cha mama. Sasa nimebaki na ngozi, na hata hizo si zangu. Nakutaka wewe, Sayi, na sina kitu."

Mtu mmoja aliweka kikombe chini. Mboje alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na kwa kitambo hatukujua kama ni hasira. Alipoinua uso, macho yalikuwa na machozi ya kicheko.

"Watoke zizini kwangu, warudi zizini kwangu," alisema. "Nami niwapokee, nipige vigelegele. Tangu walipotuambia soko ni huria sijasikia wizi mzuri namna hii." Alijifuta macho kwa kiganja. "Ng'ombe wangu siwarudishi. Sponji ile uliniuzia ghali. Lakini gari ni zuri, na hukulijua uzuri wake, kwa hiyo tumedanganywa wote wawili. Chukua ngozi hizi, uziuze. Ununue mtamba mmoja wa halali. Uje naye Sapiwi kwa miguu, mchana, watu wakuone na tope lako. Huyo mmoja kwanza, halafu tutaongea. Na nitakuuliza rangi."

"Ndiyo, baba."

Mzee alikunywa chai yake, akainuka, akaondoka na gari lake lisilosema. Watu walirudia mazungumzo yao kwa sauti kubwa, kama tufanyavyo tunapotaka kusikiliza ya wengine.

Sayi alimmiminia Mihayo kikombe. Akaweka na chapati.

"Hii nitalipa," Mihayo alisema. "Na zile za nyuma zote. Najua nimekuibia chai nyingi."

Sayi aliweka birika chini. Kwa mara ya kwanza hakuliangalia.

"Hukuniibia," alisema. "Nilikuwa nakupa. Kila siku nilikuuliza unataka nini, na sikuwa naulizia chapati."